SOMO: KAZI YA MSHAHARA NA KITI CHA MDHAMINI



Katika somo hili tutazungumza juu ya jambo linalogusa karibu kila nyumba siku hizi: kutafuta kazi katika mashirika ya misaada na vikundi vya maendeleo, na pia kuitwa kuwa mdhamini au mjumbe wa kamati ya mashirika hayo. Mambo haya mawili watu huyachanganya. Mmoja anaitwa awe mdhamini, anafikiri amepata kazi. Mwingine anapata kazi, anafikiri shirika sasa ni lake. Wote wawili wakikosea, wanaoumia ni wale ambao shirika liliundwa kwa ajili yao.

Unaweza kusoma somo hili peke yako, lakini litafaa zaidi likisomwa katika kikundi: akina mama, vijana, kamati ya maji au kamati ya zahanati. Maswali ya kuzungumzia yako mwishoni.

MFANO WA KUANZIA

Hebu tuchukue mfano. Si habari ya mtu fulani, lakini huenda ukaona humo sura unazozijua.

Mwalimu mmoja, mama wa watoto watatu, amestaafu na anaishi kijijini. Binti yake alikuwa mfanyakazi katika mradi wa kuwahudumia wagonjwa wa ukimwi, uliolipiwa na serikali ya Marekani. Mwezi wa Januari 2025 Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Julai 1, 2025 shirika lake la USAID likakoma kuendesha miradi ya misaada. Watu wengi hapa Kenya walipoteza kazi. Binti naye alirudi nyumbani na sanduku lake na barua ya kuachishwa kazi.

Jioni moja mwenyekiti wa makao ya watoto yatima ya hapo karibu anabisha hodi.

"Karibu mzee, karibu kiti."

"Asante Mwalimu. Nimetumwa kwako. Tunataka uwe mdhamini wetu. Wafadhili wanataka kuona jina la mtu anayeheshimika. Hutasumbuka, ni kutia sahihi tu mara moja moja."

Mwalimu ananyamaza kidogo. Mwenyekiti anaendelea: "Na huyu msichana wetu, nasikia yuko tu nyumbani. Hiyo nayo tutaona. Hawezi kukosa kitu pale kwetu."

Sasa basi, Mwalimu ajibu nini? Kabla ya kumjibia, tujifunze kwanza.

1. MFANYAKAZI NI NANI, MDHAMINI NI NANI?

Mfanyakazi ameajiriwa. Ana kazi aliyopewa, ana mkubwa wake, ana saa za kazi, na mwisho wa mwezi anapata mshahara. Akikosea anaonywa, na akizidi anafutwa.

Mdhamini hakuajiriwa. Yeye amekabidhiwa mali ya watu wengine aitunze kwa faida yao. Neno lenyewe linatufundisha. Kortini, mdhamini ni yule anayesimama kwa niaba ya mshtakiwa. Mshtakiwa akitoroka, anayeulizwa ni mdhamini. Katika shirika ni vivyo hivyo. Pesa zikitoroka, atakayeulizwa ni yule aliyeshika dhamana, hata kama yeye mwenyewe hakula senti moja.

Kwa kawaida mdhamini hapati mshahara. Anaweza kurudishiwa nauli na gharama alizotumia kwa kazi ya shirika, tena kwa risiti. Lakini kanuni ya sheria ni moja: mdhamini hapaswi kujitajirisha kwa mali aliyokabidhiwa. Hawezi kujiuzia gari la shirika, wala kulikodisha shirika nyumba yake mwenyewe kimya kimya.

Kwa hivyo mtu akikuambia, "Njoo uwe mdhamini, kuna kitu kidogo," simama hapo hapo. Ama hajui maana ya neno hilo, ama anaijua vizuri sana.

2. SHIRIKA LENYEWE NI LA AINA GANI?

Hapa Kenya si mashirika yote yanafanana. Ni vizuri kujua unaingia wapi, maana mzigo wako unategemea hilo.

Kuna vikundi vya jamii, kama vile vya akina mama, vya vijana na vya kusaidiana. Hivi sasa vinasajiliwa chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka wa 2022. Kikundi cha kawaida kinahitaji watu wasiopungua 10, kiwe na katiba yake na viongozi wake.

Kuna mashirika ya manufaa ya umma. Zamani tuliyajua kama mashirika yasiyo ya kiserikali, na yalikuwa chini ya sheria ya 1990. Sheria mpya ilipitishwa 2013 lakini ikakaa kabatini zaidi ya miaka kumi. Ilianza kutumika Mei 14, 2024. Sheria hiyo haikubali mapato ya shirika yagawanywe kwa wanachama au viongozi kama faida. Mtu anaweza kulipwa kwa kazi aliyoifanya, kwa kiasi kinachofaa, lakini si kugawana.

Kuna bodi za wadhamini zilizosajiliwa ili mali, hasa ardhi, iandikwe kwa jina la bodi. Wadhamini wanakufa au wanaondoka, lakini bodi inabaki. Makanisa mengi hutumia njia hii ili shamba la kanisa lisiwe shamba la mzee fulani na wanawe.

Halafu kuna makampuni yasiyo na hisa, yaliyoundwa kwa ajili ya huduma na si faida. Huko wakubwa huitwa wakurugenzi, lakini dhamana ni ile ile.

Ukiambiwa "tumesajiliwa," uliza: chini ya sheria gani? Cheti kiko wapi? Nami nikione kwa macho yangu.

Tena kumbuka kuwa kusajili kikundi si sawa na kupata kibali cha kufanya kila kazi. Kikundi kilichosajiliwa hakiwezi kufungua zahanati au makao ya watoto bila idhini za kazi hiyo. Na kwa makao ya watoto kuna jambo la ziada. Serikali ilitoa mkakati wa mwaka 2022 hadi 2032 wa kuwarudisha watoto kwa jamaa zao au familia za kuwalea, badala ya kuwakuza katika taasisi. Kwa hivyo anayeitwa kuwa mdhamini au mfanyakazi wa makao kama hayo ni lazima aulize: mna mpango gani wa kuwarudisha watoto nyumbani? Wangapi wana bibi, shangazi au mjomba aliye hai? Kama jibu ni kwamba watoto wakipungua wafadhili watakimbia, basi unajua watoto hao wanawekwa pale kwa faida ya nani.

3. SAHIHI YAKO NI MZIGO

Watu wengi huona kutia sahihi ni jambo jepesi. "Ni kalamu tu." La, ndugu. Sahihi ni wewe mwenyewe.

Mdhamini akikubali pesa zitumiwe kinyume cha kusudi lake, korti inaweza kumwamuru azirudishe kutoka mfukoni mwake. Hawezi kujitetea kwa kusema, "Mwenyekiti ndiye aliyeniambia." Vile vile katika kikundi kisicho na mwili wake wa kisheria, wale waliotia sahihi mkataba wa kukopa au wa kukodi wanaweza kudaiwa wao binafsi.

Kwa hivyo yashike haya:

(a) Usitie sahihi hundi tupu. Mweka hazina akisema anakwenda safari na anataka hundi tano zilizotiwa sahihi "zisije zikakwama kazi," mwambie kazi ikwame. Ni afadhali kazi ikwame siku tatu kuliko wewe ukwame miaka mitatu.

(b) Pesa za shirika zikae katika akaunti ya shirika, yenye watu wawili au zaidi wa kuidhinisha. Pesa za kikundi zikitumwa kwa simu ya mtu mmoja huchanganyika na unga na karo ya watoto wake. Hata kama ni mwaminifu, siku akifa au simu ikiibiwa mtafanya nini?

(c) Kila mkutano uwe na kumbukumbu zilizoandikwa. Ukikataa jambo na wengine wakalipitisha, omba kukataa kwako kuandikwe. Kunung'unika njiani mkienda nyumbani hakukusaidii.

(d) Dai taarifa ya hesabu kila baada ya miezi mitatu, na taarifa ya benki iwekwe mezani pamoja nayo. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.

(e) Hakikisha makato ya wafanyakazi yanapelekwa. Wengine hufikiri kwa sababu shirika ni la huruma halihusiki na kodi. Si kweli. Shirika linaweza kusamehewa kodi ya mapato yake, lakini bado linapaswa kukata kodi ya mishahara ya wafanyakazi. Kuna NSSF. Kuna bima ya afya ya jamii, SHIF, ambayo ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, asilimia 2.75 ya mshahara. Kuna ada ya nyumba, asilimia 1.5 kutoka kwa mfanyakazi na 1.5 nyingine kutoka kwa mwajiri. Pesa hizi zikikatwa na zisifike, mfanyakazi atajua siku ameugua, yuko kitandani hospitalini, na jina lake halionekani.

4. KWA WEWE UNAYETAFUTA KAZI

Kazi katika mashirika ya misaada si za madaktari na wahasibu peke yao. Kuna madereva, wapishi, walinzi, makarani, wahudumu wa afya wa jamii, mafundi wa maji, watu wa stoo na wa kuandika takwimu. Soma tangazo lote, usiishie kwenye mshahara. Angalia mambo manne: kazi yenyewe ni nini, wanataka mtu wa namna gani, mwisho wa kupeleka maombi ni lini, na yapelekwe wapi.

Barua yako iwe fupi, ukurasa mmoja. Usiandike tu kwamba wewe ni mchapa kazi na mcha Mungu. Kila mtu anaandika hivyo. Andika ulichokifanya. "Nilikuwa mweka hazina wa kikundi cha watu 24 kwa miaka miwili na hesabu zikakubaliwa na wanachama." Hilo linaeleweka. Dada aliyetunza daftari la kikundi ana uzoefu wa kazi, hata kama hakuwahi kulipwa. Wengi wetu tunaacha kuandika mambo kama hayo kwa sababu tunaona si kazi.

Kama unamtaja mtu wa kukushuhudia, mwombe ruhusa kwanza. Ni aibu akipigiwa simu na kusema, "Yupi huyo?"

Na sasa jambo la hatari. Tangu miradi mingi ifungwe, matapeli wameona nafasi. Unaambiwa umefaulu, hata hukuhojiwa, kisha unaombwa utume pesa kidogo za "usajili," za "uchunguzi wa afya" au za "mafunzo." Shirika la kweli halimwuzii mtu kazi. Ukiombwa pesa ndipo uajiriwe, hapo hakuna kazi. Piga simu kwa ofisi ya shirika lenyewe kwa namba uliyoitafuta wewe, si ile uliyopewa na tapeli.

Ukipata kazi, ujue haki zako chini ya Sheria ya Ajira ya 2007:

(a) Kazi ya miezi mitatu au zaidi inatakiwa kuwa na mkataba wa maandishi. Usome kabla ya kutia sahihi, na ubaki na nakala.

(b) Muda wa majaribio hautakiwi kuzidi miezi sita mwanzoni. Unaweza kuongezwa tu ukikubali wewe.

(c) Ukiondoka unastahili cheti cha kuonyesha ulifanya kazi gani na kwa muda gani, ikiwa umefanya kazi kwa majuma manne mfululizo au zaidi. Kidai hata kama mmeachana vibaya.

(d) Nafasi yako ikifutwa kwa sababu kazi haipo tena, mwajiri anatakiwa kukupa notisi isiyopungua mwezi mmoja na kumjulisha afisa wa kazi. Tena akulipe mshahara wa siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka mzima uliotumika. Kumbuka kwamba mfadhili kuondoka hakufuti haki hizi. Hapa ndipo wadhamini nao wanapoulizwa: je, mliweka akiba ya siku kama hiyo?

5. NA KUJITOLEA JE?

Kujitolea ni mlango mzuri kwa kijana. Unajifunza kazi, unajulikana, na siku nafasi ikitokea huingii kama mgeni. Lakini kuna kujitolea na kuna kunyonywa. Ukiambiwa uje kila siku saa mbili asubuhi hadi saa kumi na moja jioni, mwaka mzima, na kazi unayofanya ndiyo ile ile mwenzako analipwa, hiyo si kujitolea tena. Kubalianeni tangu mwanzo, kwa maandishi: siku ngapi, kwa miezi mingapi, nauli inatoka wapi, na mwisho utapewa barua gani. Mama wa mboga hamkopeshi mtu kwa sababu anajitolea.

6. NDUGU NA JAMAA

Hapa ndipo penye mwiba. Sisi ni watu wa jamaa. Ukiwa na nafasi halafu mtoto wa dada yako analala njaa, watu watakuita katili. Lakini shirika si shamba la babu.

Katika Matendo ya Mitume sura ya 6 tunasoma kwamba wajane wa upande mmoja walikuwa wakisahauliwa katika ugawaji wa kila siku, na manung'uniko yakatokea. Mitume hawakuwanyamazisha. Waliwaambia watu wachague wenyewe saba wenye sifa njema, ili kazi hiyo iwe mikononi mwao. Tunaona mambo mawili: waliochagua ni watu wote, na kilichoangaliwa ni sifa, si ukoo.

Basi tufanyeje ndugu wa mdhamini akitaka kazi? Kwanza, nafasi itangazwe wazi ili wote waione. Pili, mdhamini aseme mbele ya wenzake, "Huyu ni binti yangu," na iandikwe. Tatu, atoke nje wakati wa kuhoji na kuamua. Asipige simu, asitume salamu. Nne, hata akipata kazi, mdhamini huyo asiwe ndiye anayepitisha mshahara wake. Na ikiwa shirika ni dogo, watu wanne watano tu, ni heri mmoja wao aache: ama mzazi asiwe mdhamini, ama mtoto atafute kwingine.

Kuna wanaosema huku ni kumnyima mtoto haki yake. La. Huku ni kumlinda. Kijana aliyeingizwa kwa mlango wa nyuma hawezi kusema neno akiona wizi, maana atakumbushwa nani alimleta. Na mzazi wake naye hawezi kuuliza swali kwenye mkutano, maana mtoto ataonyeshwa mlango.

7. TURUDI KWA MWALIMU

Sasa unaona ahadi ya mwenyekiti ilikuwa nini. Huenda mzee huyo hana nia mbaya. Huenda alidhani anafanya wema. Lakini aliweka vitu viwili katika kikapu kimoja: jina la mama na mkate wa binti. Mwalimu akikubali hivyo, kila hundi atakayoletewa itakuwa na sura ya mtoto wake nyuma yake.

Mwalimu anaweza kujibu hivi: "Mzee, nashukuru kwa heshima hiyo. Nipe majuma mawili. Niletee katiba, cheti cha usajili, kibali cha kukaa na watoto, hesabu za miaka miwili na kumbukumbu za mikutano mitatu ya mwisho. Ningependa pia kuja kuwaona watoto siku isiyo ya wageni. Na habari ya binti yangu tuiweke kando kabisa. Nafasi ikitokea mtangaze, naye aombe kama wengine. Siku hiyo ikifika, mimi nitachagua kuwa mdhamini au kuwa mama tu."

Kama makao yale ni safi, mwenyekiti atarudi na karatasi hizo, na watoto watakuwa wamepata mdhamini wa kweli. Kama si safi, hatarudi. Mwalimu atakuwa amebaki na jina lake, na binti bado ana cheti chake cha kazi, elimu yake na miguu ya kutafuta.

Ni kweli, mwezi ule nyumba ile huenda ikakosa mshahara. Hatusemi ni jambo rahisi. Ugali hauivi kwa jina jema. Lakini watoto walio pale hawana mwingine wa kuwaulizia pesa zao zilikwenda wapi. Hiyo ndiyo kazi ya mdhamini, na ndiyo maana hakuna mshahara unaoweza kuilipa.

MASWALI YA KUZUNGUMZIA KATIKA KIKUNDI

1. Katika kikundi chetu, ni nani anayeweza kutoa pesa benki au kwenye simu? Je, anaweza kutoa peke yake?

2. Mara ya mwisho tulisomewa hesabu lini? Taarifa ya benki ilikuwepo mezani?

3. Je, kuna mtu katika kamati yetu ambaye ndugu yake analipwa na kikundi? Tuliliandika? Tufanye nini sasa bila kugombana?

4. Kuna kijana anayejitolea kwetu kwa muda mrefu? Tumekubaliana naye nini?

5. Ungekuwa wewe ndiye Mwalimu, na binti yako amekaa nyumbani miezi minane, ungejibu nini? Jibu kwa ukweli, si kwa kupendeza mkutano.

KAZI YA NYUMBANI

Kabla ya mkutano ujao, kila mjumbe atafute katiba ya kikundi chake na aisome yote. Kama hakuna anayejua iko wapi, hilo liwe jambo la kwanza katika mkutano huo.

Tukutane katika somo lijalo. Kazi njema.